Hilo Bawa Limefunzwa Upepo wa Nani?

Wasee, mwaka 2025 ndege ya sola inaitwa Zephyr iliruka kutoka Laikipia ikakaa angani siku 67 bila kutua. Watu wengi walishangalia zile siku. Mimi kilichonishika ni bawa: mita 25 kutoka ncha hadi ncha, na ndege nzima haifikishi kilo 75. Yaani urefu wa karibu mabasi mawili, uzito wa mtu mmoja.

Kitu chepesi hivyo adui yake ni upepo. Huko juu, kilomita kama 20, hewa huwa imetulia kiasi. Lakini lazima ipande kwanza kupitia hewa ya chini, ile ya mawingu na misukosuko, na inapanda polepole. Upepo unaomwaga chai kwa ndege ya abiria unaweza kuikunja hii.

Si stori tu. Helios ya NASA ilikuwa na bawa la mita 75, haina mkia, na mwaka 2001 ilifika zaidi ya mita 29,000. Juni 2003 wakaifunga mzigo mzito wa kutengeneza umeme katikati, wakairusha pale Hawaii. Kama nusu saa hivi, ikapatana na hewa chafu. Bawa likajipinda juu kama upinde, ndege ikaanza kunyanyuka na kuinama, kila mara zaidi, kasi ikapita kiwango, ngozi ikachanika. Ikaishia Pasifiki. Uchunguzi ulisema njia za kukokotoa walizokuwa nazo hazikutosha kuonyesha hatari hiyo.

Sasa, kompyuta ikiulizwa, "nipe umbo lenye ukinzani mdogo zaidi wa hewa kwa kasi hii," itakupa. Itakupa tamu sana. Halafu kasi ibadilike kidogo tu na ukinzani unapanda vibaya. Ni kama mwanafunzi aliyekariri pasti pepa ya mwaka jana: ukibadilisha namba kwa swali, amekwisha. Dawa ni kuipa kompyuta kasi nyingi, pepo nyingi, kila moja na uwezekano wake, kisha utafute umbo linalofanya vizuri kwa jumla na lisiloyumba sana. Siku ile nzuri kabisa utapoteza kidogo. Na hesabu inakuwa ghali, maana kila umbo linajaribiwa mara nyingi.

Mimi niko upande wa hilo umbo lisilo na mbwembwe. Lakini manze, hata hapo kuna swali linaachwa nyuma: hizo pepo zinatoka wapi? Ukiweka pepo za jangwa la Marekani, umepata bawa linalojua jangwa la Marekani. Afrika ina vituo vichache sana vya kupima hewa ya juu. Nairobi tuna Dagoretti Corner, ambako maputo hurushwa kupima joto, unyevu na upepo hadi huko juu. Kama ndege hizi zitakuwa zinapanda kutoka Laikipia, mvua ndefu ikiwepo, basi vipimo vya hapa viwe ndani ya hesabu kabla umbo halijafungwa. Si baada ya ajali.

Mko engineering na mnatafuta projekti ya mwaka wa mwisho? XFOIL ni programu ya bure ya kupima umbo la bawa, na ni nyepesi, hata ile laptopu yako ya kupiga kelele itaibeba. Anza na kipande kimoja cha bawa na vipimo vya mwezi wa nne.