Panga Lililorudi Rochester Mara kwa Mara

Walimu wa sayansi hupenda kuwasimulia wanafunzi wao habari za kampuni ya Kodak ya Marekani kama kisa cha tajiri aliyepofuka. Mwaka 1975 mhandisi kijana wa kampuni hiyo, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na zaidi kidogo, ilitoa picha ya nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha hiyo katika utepe wa kaseti. Wakubwa wake hawakuishughulikia kwa nguvu iliyostahili, na miaka 37 baadaye kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi wa muflisi. Kisa hiki ni cha kweli kwa sehemu kubwa, wala hatukikatai. Kasoro yake ni kwamba kimewasahau watu. Kodak ilikuwa na wafanyakazi wapatao 145,000 duniani mwaka 1988, na hao hawakuwa vipofu. Waliona vizuri mno, kwa kuwa kila baada ya muda mfupi wenzao waliitwa ofisini wakapewa barua.

Makao ya kampuni ni mji wa Rochester, katika jimbo la New York, karibu na Ziwa Ontario. Mwanzilishi wake, George Eastman, alianza mwaka 1912 kuwagawia wafanyakazi sehemu ya faida juu ya mshahara wao, na desturi hiyo ikaendelea hata baada ya kufa kwake. Mwaka 1982 watu zaidi ya 60,000 wa mji huo na vitongoji vyake walikuwa wakila mkate wa Kodak. Mtoto alimfuata baba kiwandani. Wengi hawakuwa na chama cha wafanyakazi, na hawakuona haja ya kuwa nacho. Kulikuwa na mapatano yasiyoandikwa kwamba afanyaye kazi yake vema atastaafu kwa heshima. Hayo ndiyo yaliyovunjwa, na ndiyo maana uchungu wao ulizidi uchungu wa kukosa mshahara.

Yafaa hapa tueleze kazi yenyewe, maana bila kuifahamu hatuwezi kupima hasara iliyotokea. Madini ya fedha huyeyushwa katika asidi ya naitriki, kisha chumvi inayopatikana huchanganywa na chumvi nyingine, kama bromaidi ya potasiamu, ndani ya gelatini iliyopikwa kutokana na mifupa na ngozi za ng'ombe. Hapo huzaliwa fuwele ndogo mno zinazohisi mwanga. Mchanganyiko huo hupakwa juu ya ukanda wa plastiki, na filamu ya rangi huwa na tabaka zaidi ya kumi ambazo zote pamoja hazifikii unene wa unywele. Kazi hii hufanywa gizani. Ni kazi yenye siri za ajabu: katika miaka ya 1920 mkemia Samuel Sheppard wa Kodak aligundua kuwa wepesi wa filamu kuhisi mwanga ulitegemea chembe za salfa zilizokuwamo katika gelatini, ambazo asili yake ni mimea ya jamii ya haradali waliyokula ng'ombe malishoni. Basi mtu aliyekaa miaka ishirini akipika na kupaka vitu hivi gizani hujua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha maelekezo.

Mauzo ya filamu duniani yalifika kileleni karibu mwaka 2000, kisha yakaporomoka. Lakini panga lilikuwa limekwisha kuanza. Novemba 1997 kampuni ilitangaza kuondoa watu 10,000. Kabla mwaka haujaisha, idadi ikapandishwa kuwa 16,600. Januari 2004 ikatangazwa kuwa watu kati ya 12,000 na 15,000 wangeondoka katika muda wa miaka mitatu. Julai 2005 wakaongezwa wengine hadi 10,000. Mwaka 2007 majengo makubwa ya kiwanda yalilipuliwa kwa baruti, wakazi wa mji wakitazama. Kesi ya muflisi ilifunguliwa Januari 2012, na kufikia mwisho wa mwaka huo wastaafu walio wengi walikuwa wamepoteza matibabu waliyokuwa wakilipiwa na kampuni.

Kwa nini panga lilirudi na kurudi? Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kujibu kwa kalamu na karatasi. Tuchukue mfano wa kubuni tu: kiwanda chenye watu 1,000, na viongozi wanaotabiri kwamba mauzo yatapungua kwa asilimia 10 kila mwaka. Baada ya miaka mitano watahitaji watu 590. Lakini ikiwa mauzo yanapungua kwa asilimia 25 kila mwaka, watakaohitajika ni 237 tu. Kiongozi aliyeshikilia kadirio la kwanza atalazimika kutangaza upunguzaji wa pili, na wa tatu, na kila mara atasema hali imebadilika, ilhali iliyokosewa ni hesabu yake. Tena mtambo wa kupaka filamu ni mpana na wa gharama kubwa. Hauwezi kukatwa nusu. Huendeshwa au huzimwa, na unapozimwa watu huondoka kwa mkupuo.

Wako wasemao kwamba manung'uniko ya wafanyakazi katika hali kama hii ni woga wa mabadiliko. Sikubaliani nao. Mtu aliyenusurika mara tatu hujifunza kuishi kwa kujilinda. Mwenye ujuzi unaotafutwa kwingine huondoka mwenyewe mapema, kwa hiyo kampuni hupoteza kwanza wale iliowahitaji zaidi. Anayebaki hufanya kazi ya watu wawili. Naye fundi mzee hana sababu ya kumfundisha kijana, kwa kuwa ujuzi wake ndio ngao yake ya mwisho; akiugawa, jina lake laweza kuwa katika orodha ijayo. Manung'uniko hayo ni kipimo, kama vile homa ilivyo kipimo kwa daktari, na mganga anayekasirikia homa hatamponya mtu.

Itasemwa pia kuwa hapakuwa na njia nyingine, maana filamu ilikuwa inakufa. Ni kweli ilikuwa inakufa, na hata mshindani wake wa Japani, Fujifilm, alipunguza maelfu ya watu. Lakini tazameni tofauti. Fujifilm iliwauliza wakemia wake wanajua nini. Wakajua kupaka tabaka nyembamba mno, nao wakatengeneza utando wa vioo vya televisheni na kompyuta. Wakajua gelatini, ambayo asili yake ni kolajeni ileile iliyomo katika ngozi ya binadamu, na kampuni ikaanza kuuza vipodozi. Kodak, kinyume chake, ilikuwa imekwisha kutenga kitengo chake cha kemikali kuwa kampuni mbali mwaka 1994, ikauza na biashara ya dawa mwaka huohuo, na mwaka 2007 ikauza ile ya picha za hospitali. Kila mlango ambao mkemia wa filamu angeweza kupitia ndani ya nyumba yake mwenyewe ulikuwa umefungwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuipuuza kamera ya Sasson, ingawa halisimuliwi sana madarasani.

Filamu haikufa kabisa. Mwaka 2015 studio kubwa za sinema za Marekani zilikubaliana na Kodak kuendelea kuinunua, na vijana wakaanza kuzipenda tena kamera za zamani. Mwaka 2022 mahitaji yalikuwa yameizidi kampuni nguvu, nayo ikatangaza, palepale Rochester, kwamba inatafuta mafundi wa filamu.