Tumlipe fundi kwa kujua ugonjwa, si kwa kubadilisha spea

Pikapu ikikataa kubadilisha gia, wengi wetu hatuulizi ina shida gani. Tunauliza, "Spea ni pesa ngapi?" Hasara huanzia hapo, na vijana wanaojitafutia riziki kwa pikapu ndio inaowaumiza zaidi.

Wewe unajua hesabu hii vizuri. Pikapu ndiyo ofisi yako. Asubuhi unabeba mboga kutoka Marikiti, mchana unahamisha mtu kutoka Umoja hadi Ruaka, jioni ni saruji na mabati ya mjengo. Kuna mkopo wa kulipa kila mwezi, na mkopo haujui kama gari liko gereji. Ikilala siku tatu, mteja ashapata msee mwingine wa kumbebea, na si ajabu asirudi.

Zamani pikapu ilikuwa ya gia za mkono, na ikiharibika ulisikia kwa masikio. Sasa otomatiki zimezidi kuonekana barabarani. Gari la mtumba linaloingia Kenya halifai kuzidi umri wa miaka 8, kwa hivyo hata ile "kuukuu" unayoletewa leo ina kompyuta kadhaa ndani yake. Moja ya hizo kazi yake ni gia tu. Mafundi huiita TCM. Mimi nitaiita kompyuta ya gia.

Kazi yake ni kama ya makanga kwenye matatu. Inapokea habari kutoka kila upande: giaboksi inazunguka kwa kasi gani, mafuta yake yana joto kiasi gani, umekanyaga moto hadi wapi. Halafu inatoa amri kwa vali ndogo za umeme zilizo ndani ya giaboksi, zinazofungua na kufunga njia za mafuta ili gia ibadilike. Amri zisipofika, gari hujilinda. Linang'ang'ania gia moja, linapanda mlima likilia, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Sasa fikiria dereva wa matatu hasikii makanga akigonga bodi. Je, makanga amekufa mkono, ama muziki uko juu sana? Ukimfuta makanga na kuajiri mwingine bila kupunguza muziki, huyo mpya atagonga mpaka achoke na abiria atapitishwa steji vilevile. Hivyo ndivyo tunavyofanya na kompyuta za gia. Tunamfuta makanga kabla ya kuangalia redio.

Chukua mfano wa namba ambazo mashine ya kupima gari hutoa. Fundi anachomeka, inasoma U0101, anakuambia, "Boss, kompyuta imeenda." Hapana. U0101 inasema tu kwamba kompyuta nyingine za gari zimepoteza mawasiliano na kompyuta ya gia. Huenda imekufa kweli. Huenda pia haipati moto kwa sababu ya fyuzi, waya wa athi umeshika kutu, ama soketi imeingia maji. P0700 nayo inasema hata kidogo zaidi: kuna shida imeripotiwa upande wa gia, nenda ukasome namba nyingine zilizo ndani ya kompyuta yenyewe. P0715 inakuelekeza kwenye sensa inayopima mzunguko unaoingia giaboksi, pamoja na waya wake. Ile inayonyooshea kidole kompyuta yenyewe ni P0613, na hata hiyo fundi mzuri haiamini kabla ya kupima moto na athi.

Kwa ufupi, mashine haikuambii ununue nini. Inakuambia uanze kutafuta wapi.

Na kutafuta kwenyewe si uchawi. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, nyingi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa yako inasoma 11 hata kabla ya kuwasha, kompyuta zinaweza kuanza kuropokwa, na shida yako huenda ni betri tu. Baada ya hapo ni fyuzi, kisha athi, kisha soketi ya kompyuta: kuna maji, kuna mafuta, kuna pini iliyopinda? Mwisho ni zile waya mbili ambazo kompyuta huongelea. Betri ikiwa imetolewa, fundi hupima kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya kupimia gari. Kwa magari mengi jibu linafaa kuwa karibu omu 60. Ikisoma 120, upande mmoja wa laini umekatika mahali. Kazi yote hiyo inahitaji mita ya umeme, mchoro wa waya na mtu mwenye subira.

Ukiangalia maisha ya pikapu zetu, utaelewa kwa nini waya ndizo za kushukiwa kwanza. Jumamosi tunapeleka gari kwa kuoshea na kijana anapiga injini maji ya presha hadi kwenye soketi. Mkopeshaji anataka gari liwe na kifaa cha kulifuatilia, msee anakata waya, anasokota, anafunga kwa selotepu na kwenda zake. Kesho yake unaongeza alamu. Keshokutwa redio. Betri ikizima, mtu anakuazima moto na kugeuza nyaya, chanya kwa hasi. Usiku panya anapata joto chini ya boneti na kuanza kutafuna. Halafu pikapu ikikwama tunalaumu kompyuta iliyotengenezwa Japani na haijawahi kumkosea mtu.

Lakini sitaki kumwangushia fundi lawama zote, kwa sababu sisi wateja ndio tuliomfunza. Tuseme fundi akuambie kupima ni Sh2,000. Unaruka! "Kwani umefanya nini? Si umeangalia tu?" Akikuambia kompyuta ni Sh50,000, unaguna, kisha unaingia kwenye simu kutafuta mkopo. Yaani tuko tayari kulipia chuma unachoweza kushika, lakini akili iliyokuambia chuma hicho hakihitajiki tunaitaka ya bure.

Jiweke kwenye viatu vyake. Akikaa chini ya gari saa tatu na kupata waya mmoja uliokatika, atauunga, na wewe utampa mia tano na neno "asante". Akibadilisha kompyuta, atalipwa kazi ya kuifunga, na labda dukani atapewa kitu kidogo cha kuleta mteja. Wewe ungechagua gani? Tumejenga soko ambalo kubahatisha kunalipa kuliko kujua, halafu tunashangaa kwa nini kila gereji inabahatisha.

Najua utasema, "Si tujaribu tu kompyuta nyingine tuone?" Kwa balbu, sawa. Kwa kompyuta, kaa chonjo. Kama kuna waya uliogusana mahali na kuunguza ile ya kwanza, utaunguza ya pili pia. Na duka la spea limeandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Za umeme ndizo hazirudi kabisa. Ukifika hapo, una kompyuta mbili, pesa huna, na gari bado liko gia moja.

Utasema pia mafundi wengine ni wakora tu. Kweli, wapo. Ila hata mkora ni rahisi kumshika ukiwa umemlipia jibu badala ya spea. Mwambie: "Nakulipa kupima. Nataka unionyeshe kwa mita kwamba moto unafika, athi iko, waya za mawasiliano ziko sawa, na bado kompyuta haijibu." Mwenye kazi yake atakuonyesha bila hasira. Anayebahatisha ataanza kukuuliza kama humwamini.

Sheria pia iko upande wako, ingawa wengi hatuijui. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 ina sehemu inayozungumzia ukarabati wa magari. Inagusa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa kwenye gari lako. Kwa hivyo ukisema "nipe ile ya zamani" hauleti ujuaji. Unaomba mali yako. Na ile ya zamani ina thamani: wapo vijana mjini wanaofungua ubao wa kompyuta na kurekebisha sehemu ndogo iliyoungua, ukaepuka kununua nyingine.

Na ikithibitika kweli imekufa? Basi badilisha, lakini kwa akili. Namba iliyo kwenye kibandiko cha ile ya zamani ilingane na ya ile unayonunua, hadi herufi za mwisho. "Inafanana" si jibu. Uliza mapema nani ataipangia programu, kwa sababu kwa magari mengi kompyuta iliyotoka gari lingine bado inabeba kumbukumbu za kwao, na haitafanya kazi sawasawa mpaka ifundishwe gari lako. Uliza iko wapi: nyingine ziko chini ya dashibodi au karibu na injini, nyingine zimekaa ndani ya giaboksi kwenye mafuta, na hizo zinamaanisha kumwaga mafuta na kuweka mapya ya aina sahihi. Wakati wa kupanga programu, betri isaidiwe isishuke, maana moto ukikatika katikati unaweza kuiua mpya hapo hapo. Baada ya hapo, siku za kwanza gia zinaweza kugongagonga kidogo hadi ijifunze. Endesha pole, usibebe tani ya mchanga siku hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine linalonifanya nipige kelele kuhusu hili. Tunalalamika hakuna kazi, na hapa kuna kazi. Magari yanazidi kuwa kompyuta zenye magurudumu, na anayejua kusoma mchoro wa waya na kutumia mita atatafutwa. Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo sitakuambia cheti ndicho akili. Lakini hata aliyejifunzia kazi mtaani anaweza kufanya mitihani ya ufundi ya NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na kuwa na karatasi ya kuonyesha. Kijana wa Kariobangi anaweza kuwa huyo mtu. Hatakuwa, kama kila anayemletea gari anamlipa tu akishika spana.

Kwa hivyo pikapu yako ikikwama, ama ya rafiki yako, kabla ya mtu kutaja bei ya kompyuta muulize maswali matatu. Umepima nini? Umepata nini? Nionyeshe. Akijibu yote matatu, toa hizo Sh2,000 bila kununa, hata kama alichopata ni fyuzi ya bei ya chapati. Hukulipia fyuzi. Umelipia zile Sh48,000 ambazo bado ziko mfukoni mwako, na kesho alfajiri uko Marikiti ukibeba mboga kama kawaida.