Yaliyopita Ndiyo Ndwele Yenyewe

Kuanzia tarehe 28 Desemba simu za Watanzania hugeuka ubao wa matangazo. Ujumbe ni ule ule, kinachobadilika ni picha: maua, fataki, mshumaa, mtoto aliyevaa kofia ya Krismasi. "Tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mwaka mpya, mambo mapya." Anautuma shemeji, anautuma mwenyekiti wa mtaa, anautuma mbunge ambaye hujamwona tangu kampeni, na kampuni ya simu nayo inautuma pamoja na ofa ya kifurushi. Unajibu "Amina", unawasambazia wengine, halafu unasubiri saa sita usiku.

Mimi sijibu Amina. Methali hiyo ina mahali pake, nami naiheshimu ikiwa mahali pake: kwenye kikao cha kusuluhisha ndugu, baada ya kila mmoja kusema lake na mkosaji kuomba radhi. Hapo mzee akisema yaliyopita si ndwele, amefunga kikao. Sisi tumeitoa mwisho wa kikao tukaiweka mwanzoni. Kila Desemba taifa zima linausamehe mwaka kabla halijausoma.

Hata kwa kipimo cha uganga wenyewe, jambo hili halina kichwa wala miguu. Ingia zahanati yoyote, uone kama daktari ataandika dawa bila kuuliza imeanza lini, ulikula nini, umeshameza nini. Mganga wa kienyeji ndiye kabisa, atauliza hadi ugomvi wa babu yako na jirani yake wa shamba. Yajayo hayagangiki, kwa sababu hayajauma bado. Kinachogangwa siku zote ni kilichokwisha kuuma.

Anayefaidika na usahaulifu huu ni yule anayedaiwa. Mwajiri amekukata michango ya hifadhi ya jamii mwaka mzima na hakuipeleka, kisha kwenye hafla ya kufunga mwaka anasimama na soda mkononi kuwaomba wafanyakazi "tugange yajayo". Wanapiga makofi. Fundi aliyeacha bomba linavuja, mpangishaji aliyeahidi choo tangu Pasaka, diwani aliyeahidi kalavati, wote wanaipenda sana Januari. Wanaodai peke yao ndio wanaohitaji kumbukumbu, na kwa bahati mbaya ndio wanaoongoza kwa kusambaza salamu.

Tena tumepata namna ya kuubebesha mwaka makosa ya watu. "Mwaka huu umenitesa." "Ulikuwa mwaka mbaya." Mwaka hauna mikono. Desemba 2011 mvua kubwa iliinyeshea Dar es Salaam, Bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya 40 wakafa, na waathirika wakapelekwa Mabwepande kupewa viwanja. Tukasema ni mwaka wa mvua nyingi. Somo lilikuwa limeandikwa kwa matope kwenye kuta, tena kwa kimo cha mtu: bonde hili ni njia ya maji. Baada ya hapo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde hilo hilo. Huduma ilianza Mei 2016. Masika ya 2018 mabasi yalikuwa yamesimama ndani ya maji. Huo haukuwa mwaka mbaya. Ulikuwa 2011 ambao hakuna aliyeufungua kuusoma. Leo kuna mradi mkubwa wa kulirekebisha bonde, fedha zake nyingi zimekopwa, na wenye nyumba wamelipwa fidia wahame. Ada ya somo lile tunailipa sasa, na riba juu.

Jirani zetu wa Kenya wanaijua gharama hii kuliko sisi. Walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na mwaka mpya ukaingia nyumba zikiteketea. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile. Ikaundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ikazunguka nchi, ikasikiliza maelfu ya watu, ikaenda nyuma hadi mwaka 1963, na Mei 2013 ikakabidhi ripoti yake ikulu. Wito uliotamba mtaani mwaka huo ulikuwa mmoja: kubali yaishe, tusonge mbele. Ripoti ikasongeshwa kando. Mwaka 2015 rais aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathirika, nao waathirika wameendelea kuuliza mfuko huo uko wapi. Ukimwambia mama aliyepoteza watoto kwamba yaliyopita si ndwele, hujamfariji. Umemfukuza mahakamani.

Nusu ya pili ya salamu nayo ina ugonjwa wake, ule wa kuyatamka matumaini kama uchawi. Huu ni mwaka wangu. Mwaka wa mavuno. Mwaka wa kuinuliwa. Kwenye mikesha mwaka hupewa jina kabla haujazaliwa, na mwisho wake hakuna anayeuliza kama jina lilifanana na mtoto. Serikali nazo zina mikesha yake, ila zenyewe huhesabu kwa miongo. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Ulipofika 1991 maji hayakuwa yamefika, ila sera mpya ilifika, na sera hiyo ikasema mita 400 zile zile, ifikapo 2002. Kabla 2002 haijafika ikaandikwa Dira ya Maendeleo 2025, nayo ikaahidi maji safi kwa wote. Julai 2025 tukazindua Dira 2050. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 1971 leo ni bibi, na yako mahali ambapo mjukuu wake bado anaamka alfajiri na ndoo kichwani.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanyika. Visima vimechimbwa, mabomba yametandazwa, na mengine yametiririsha maji kweli. Ninachosema ni kwamba kila tarehe ilipofika tuliandika tarehe nyingine, na mara chache tulikaa kwanza kuandika kwa nini ile ya kwanza ilishindikana: pampu ngapi zilikufa kwa kukosa kipuri, nani alipaswa kununua dizeli, kamati ya kijiji ilivunjika lini. Ahadi ikapokelewa na ahadi.

Kuna atakayesema huyu anachukia matumaini. Basi nimpe ahadi ya mkesha wa mwaka mpya iliyotimia hapa hapa. Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kwa redio, akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa sensa ya 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Kama mambo yangeishia kwenye hotuba, leo tungekuwa tunaikumbuka kama wimbo mzuri. Hayakuishia hapo. Mwaka ulipokuwa ukiyoyoma ilionekana kwamba kazi ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwa hiyo zikachaguliwa wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zianze kwanza na zipewe tarehe yake. Kilichojifunzwa huko ndicho kilichopelekwa nchi nzima. Vitabu vikatungwa kufuata kazi za watu, vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, na walimu wa shule za msingi wakapewa zamu za jioni. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo.

Kisha ukafanyika mtihani. Agosti 1975 watu wazima wa nchi hii, wenye ndevu na wenye wajukuu, walikalishwa kwenye madawati ya watoto wakapimwa kusoma na kuandika. Madaraja yalikuwa manne, na wa daraja la kwanza na la pili hawakuhesabiwa kuwa wanajua kusoma, hata kama walihudhuria miaka yote. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Serikali ingeweza kutangaza idadi ya waliojiandikisha ikashangiliwa, ila ikachagua kutangaza waliofaulu. Wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi 39 kati ya 100. Ukafanyika mtihani mwingine mwaka 1977, wakawa 27. Mitihani ikaendelea, na kufikia 1986 wakabaki kiasi cha 10. Baada ya hapo madarasa ya jioni yakafa moja moja, na ujinga wa kusoma ukarudi bila hodi.

Hapo ndipo tumaini la kweli linapoachana na salamu ya simu. Tumaini la 1970 lilikuwa tayari kupimwa, na likipimwa lilikuwa tayari kuaibika. Nitumie ujumbe wa namna hiyo, nitajibu Amina mara tatu.

Kwa bahati nzuri ustadi huu haujapotea. Wanao akina mama wa vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Nenda Desemba kaketi kwenye kikundi kinachovunja na kugawana akiba. Sanduku la chuma liko katikati ya mkeka, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu waliokaa mbalimbali, kwa sababu kuaminiana ni kuzuri na kufuli ni nzuri zaidi. Katibu anasoma jina, idadi ya hisa, mkopo, riba, faini za kuchelewa. Hakuna anayeruka mstari. Nimemsikia mama muuza maandazi akiulizwa mbele ya wote mkopo wa Machi ulikwenda wapi. Msiba. Wakakubali. Na wa Julai? Kimya kidogo, kisha akasema ukweli: sare ya kitchen party, na pango la fremu likalala. Wakacheka, naye akacheka, na jambo likaandikwa. Baada ya hesabu zote ndipo wakaanza kubishana juu ya mwakani: hisa ipande kutoka 2,000 hadi 3,000 au ibaki? Aliyepinga alionyeshwa kitabu chake, mihuri aliyogongewa na nafasi alizoacha wazi. Hisa ikabaki 2,000. Ndiyo matumaini yao ya mwaka mpya, yamepangwa kwa kimo cha wenyewe.

Wenye elimu kubwa kuliko hao, wenye mishahara na programu za kupangia bajeti kwenye simu, tunafika Januari tukiwa na mshangao. Ada, sare, madaftari, kodi ya miezi sita. Januari haijawahi kubadili tarehe ya kuingia, na kila mwaka inatukuta kama mgeni wa usiku.

Atatokea mwingine, huyu atanijia kwa dini: Mungu anasamehe, wewe nani hata usisahau? Ndugu yangu, hakuna dini kati ya hizi zetu mbili inayofundisha msamaha wa jumla jumla. Mkatoliki anaingia kwenye kitubio akiwa ameipekua dhamiri yake, na anataja dhambi moja moja. Mwislamu anafundishwa kuihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa, na toba yake haitimii akiwa bado ameshika haki ya mtu. Kushukuru kwa kuvushwa ni wajibu. Lakini anayevushwa mto ule ule kila mwaka kwa mtumbwi ule ule unaovuja ana haja pia ya kuuliza habari za mtumbwi.

Makunduchi, kusini ya Unguja, wanaanza mwaka wao mwezi Julai kwa Mwaka Kogwa, na wanauanza kwa kupigana. Wanaume wa pande mbili za mji wanatwangana kwa migomba hadi ghadhabu za mwaka ziishe, halafu kibanda cha makuti kinachomwa, halafu ndipo watu wanakula. Mpangilio huo nauona una akili kuliko wa fataki: deni kwanza, pilau baadaye.

Kwa hiyo usiku wa tarehe 31, kabla ya kutuma ile picha ya mshumaa, chukua daftari uandike ulichojiahidi Januari iliyopita na kilichokikwamisha. Ukiwa umesahau ulichojiahidi, andika hivyo hivyo kwamba umesahau, maana hilo nalo ni jibu. Andika unaowadai, na kwa uaminifu ule ule andika wanaokudai. Kisha usiishie nyumbani. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na hesabu zake zikishakaguliwa, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hufika kwa Rais kabla ya Machi kwisha na kuwasilishwa bungeni Aprili, bila fataki na bila mkesha. Bajeti mpya husomwa Juni. Ziweke tarehe hizo kwenye simu yako leo, na Aprili ikifika mtumie mbunge wako ujumbe, yule yule aliyekutakia heri ya mwaka mpya, umuulize amesoma ukurasa unaoihusu halmashauri yenu.