Usukani wa Kaboni wa Laki na Sitini: Staa Kala Hela, Mdogo Wetu Kavunjika Mtulinga

Leo sina stori ya nani kaachana na nani. Leo nina povu, na nalitoa lote.

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina simtaji, anajijua na nyie mnamjua. Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, jamaa kageuka mwendesha baiskeli. Kila Jumapili picha mpya: miwani ya rangi, kofia ngumu, nguo za kubana, baiskeli ya resi imeegeshwa ufukweni. Hapo sina neno. Mazoezi ni afya, na kuuza sura hakujawahi kuwa kosa.

Neno langu linaanza pale alipogeuka duka. "Usukani wa kaboni orijino, laki na sitini tu, njoo inboksi." Na kwenye picha, ule usukani uliojikunja kama pembe za kondoo umeandikwa jina la kampuni kubwa ya nje, herufi nyeupe, zinang'aa kweli kweli. Wadau, usukani wa kaboni wa kampuni za namna hiyo unaanzia laki sita, saba, na kuna unaopita milioni. Sasa huo wa laki na sitini umetoka wapi? Kadondosha meli?

Atakayesema "mteja ajiongeze mwenyewe", ngoja nimpeleke Kitaya.

Kitaya ni kwetu, bonde la Ruvuma, ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Baiskeli kule siyo mtindo, ni punda wa familia. Inabeba maji, inabeba mpunga, inabeba gunia la korosho mpaka kwa mnunuzi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kakulia juu ya Phoenix ya babu yake, keria nyuma, breki za fimbo. Ana miguu dogo yule, tusidanganyane. Alipouza korosho zake akajinunulia baiskeli ya resi ya mtumba. Mimi ndiye niliyemsindikiza kuichukua, nikafurahi kuliko yeye.

Kisha akaona posti ya staa.

Laki na sitini kwa kijana wa Kitaya ni nini? Kwenye mnada wa Oktoba 2024 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na tukapiga vigelegele. Kwa bei hiyo nzuri kabisa, usukani ule ni kilo 40. Nusu gunia. Kupalilia, kupuliza dawa, kuokota moja moja, kukausha, nusu gunia nzima anatumiwa mtu anayepiga picha ufukweni.

Mzigo ukafika. Fundi wetu wa kijijini, mzee aliyenyoosha rimu za Kitaya nzima, aliugeuza ule usukani mkononi akasema, "Mjukuu wangu, chuma kikichoka kinapinda, unakiona. Hiki kitakuambiaje kwamba kimechoka?" Dogo akacheka, akasema, "Babu, hii ni teknolojia."

Wiki ya tatu, barabara ya vumbi, yale makorongo madogo madogo yanayotetemesha mpaka meno, usukani ukakatika pale breki inapofungwa. Siyo kupinda. Kukatika, kama muwa. Dogo akaenda chini bega kwa bega na ardhi. Mtulinga umevunjika. Mkono kwenye kitambaa msimu wote, korosho zake kaokotewa na mama yake. Alipomwandikia staa, akajibiwa neno moja, "pole", kisha akablokiwa.

Sasa twende taratibu, maana najua utetezi utakaokuja.

Utetezi wa kwanza: "Fundi alikaza sana." Inawezekana, sibishi. Kaboni ni nyuzi nyembamba zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu. Ukiibana kupita kiasi, tabaka za ndani zinapasuka na juu huoni kitu. Ndiyo maana usukani wa kueleweka unaandikiwa namba ya mkazo, mara nyingi Nm 5, na fundi anatumia spana yenye kipimo, siyo nguvu za bega. Huo wa staa haukuwa na namba, haukuwa na karatasi, haukuwa na chochote zaidi ya lile jina la kuazima. Unamuuzia mtu kitu kinachovunjika kwa kukazwa, humwambii kinakazwaje, halafu kosa la fundi?

Utetezi wa pili: "Mimi nilitangaza tu." Hapana, kaka. Kubandika alama ya kampuni nyingine kwenye bidhaa na kuiuza ni kosa hapa Tanzania, kuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na FCC ndiyo wasimamizi. Na hela iliingia kwenye simu ya nani?

Utetezi wa tatu ndio unaoniudhi zaidi, na hauji kwa staa. Unaletwa na bosi mmoja wa Masaki, mzee wa baiskeli ya mamilioni, aliyepita na video yake: "Kama huna milioni, usiguse kaboni. Maskini abaki na chuma." Bosi, shikamoo, lakini hapo umeteleza.

Sehemu kubwa ya vifaa vya kaboni vya baiskeli duniani, vyenye majina makubwa na visivyo na majina, hutengenezwa China na Taiwan. Kuna viwanda vya kule vinauza kwa jina lao wenyewe, bila kulipia timu za Tour de France, bila mawakala watano njiani. Usukani wao unaweza kukuangukia laki moja na nusu mpaka laki mbili na nusu na ukawa kitu cha kueleweka. Na bei kubwa siyo hirizi. Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, mwendeshaji wa Australia alikatikiwa na usukani katikati ya mashindano ya timu, akaangukia uso. Ile ni timu ya taifa, tena tajiri.

Kwa hiyo naomba tuelewane: urahisi siyo dhambi. Dhambi ni uongo. Usukani wa laki na sitini wenye jina la mtengenezaji wake halisi una mtu wa kumuuliza. Ukikatika, unajua pa kwenda, na yeye anajua kuwa unajua. Usukani wa laki na sitini wenye jina la kuibiwa hauna baba. Aliyeutengeneza ameshaanza kwa kukudanganya kwenye herufi unazoziona. Unadhani kwenye tabaka usizoziona kakuonea huruma?

Na kabla hujatoa hela, jiulize swali ambalo staa hawezi kukuuliza: unauhitaji kweli? Usukani wa alumini wa kawaida una gramu kama 300. Wa kaboni kama 200. Umeokoa gramu 100. Chupa ndogo ya maji ina gramu 500, kwa hiyo piga mafunda mawili matatu na umeshapunguza uzito uleule, bure. Hao wa Kigali wenyewe hawaruhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8 kwa baiskeli nzima. Wewe ya mtumba ina kilo 10 na mfuko wa mihogo mgongoni.

"Lakini kaboni inapunguza mtetemo." Kidogo, ndiyo. Tairi pana lenye upepo wa wastani linapunguza zaidi, na utepe mnene wa usukani unasaidia mikono. Kwa njia za kwetu, hela ianze huko. Alumini nayo siyo malaika: huku pwani jasho na chumvi vinaila chini ya utepe, kwa hiyo fungua utepe kila mwaka uangalie. Lakini mara nyingi ikianguka inapinda, na fundi wa kijijini anaiona.

Umesoma yote hayo na bado unataka kaboni? Sawa, ni hela yako. Basi nunua kiutu uzima:

Chukua wenye jina la mtengenezaji wake, hata kama hulijui. Jina kubwa kwa bei ya karanga, kimbia.

Uliza kama umepita majaribio ya ISO 4210, na uombe karatasi. Muuzaji akianza ukali, umeshapata jibu.

Angalia namba ya mkazo na kipenyo cha kati, kwa kawaida milimita 31.8, kiendane na shingo ya baiskeli yako. Upana uendane na mabega yako: sentimita 40, 42 au 44.

Ukiambiwa una gramu 120, achana nao. Wepesi huo umetolewa kwenye kitu ambacho kingekushikilia.

Usichukue ule uliounganishwa na shingo kuwa kitu kimoja. Ukikosea urefu, umetupa vyote.

Kaboni ya mtumba, hapana. Hujui ilianguka mara ngapi. Na wa kwako ukianguka vibaya, ubadilishe, hata kama unang'aa.

Nikimaliza nawe, staa. Sisemi uache baiskeli. Watoto wanakuangalia, na wakiacha bodaboda wakapanda baiskeli ni jambo jema. Ninachotaka ni vitu vitatu: futa ile posti, waambie ulioshawauzia wavue huo usukani leo, na mrudishie dogo wa Kitaya nusu gunia lake. Hospitali hatukudai, hiyo mama yake kashalipa kwa korosho.

Dogo mwenyewe bega limeunga. Juzi nimemkuta kwa fundi, wanafunga usukani wa alumini wa mtumba, una mikwaruzo, hauna jina. Mzee anakaza, anaupima kwa kuulalia na uzito wake wote, dogo kanyamaza anatazama. Hakucheka safari hii.

Kama na wewe ulitumiwa ule wenye herufi nyeupe, uvue kabla ya kubishana na mimi. Ukishauvua, povu ruksa.