Matundu Sita Hayatoshi

Simama Makutano, pale barabara ya Butiama inapoachana na barabara kuu ya Musoma, na haitachukua muda utaiona: Hilux iliyoinuliwa, rimu nyeusi pana, tairi zimetokeza nje ya bodi. Vijana wa Bunda na Musoma wanazipenda gari hizi, nasi hatuna ugomvi na mapenzi yao. Aliyehangaika na sangara au pamba mpaka akanunua pikapu ana haki ya kuipamba. Ugomvi wetu ni na jinsi rimu hizo zinavyofungwa.

Gurudumu likichomoka gari likiwa kwenye kilometa 80 kwa saa, haligongi kwanza aliyelinunua. Linatangulia mbele peke yake, likiwa na uzito wa mtoto wa shule, na huko linakokwenda kuna mwanafunzi anayetembea ukingoni, bodaboda iliyompakia mama na mwanawe, au genge la nyanya. Hao ndio tunaowasemea.

Kosa linaanzia dukani. Mteja anaulizwa gari lake lina matundu mangapi. Anajibu sita, analipa, rimu zinapakiwa. Hesabu ya matundu haitoshi hata kidogo. Kuna Nissan Navara nyingi ambazo matundu yake sita yamekaa kwenye duara la milimita 114.3, wakati ya Hilux, Ford Ranger na Mitsubishi L200 yako kwenye milimita 139.7. Hapo angalau rimu itakataa kuingia, na fundi mwenye akili ataiacha. Hatari zaidi ni ile inayoingia bila kukataa. Tundu la katikati la rimu ya Hilux lina upana wa milimita 106.1. Habu ya Ranger zilizotoka kuanzia 2011 ni 93.1, na ya L200 ni 67.1. Rimu ya Hilux itaingia kwenye Ranger kwa ulaini kabisa, huku ikiacha pengo la karibu milimita 13. Kwenye L200 pengo ni karibu 39. Habu ndiyo inayoikalisha rimu katikati. Ikikosa kuishika, nati zinabaki peke yake na kazi hiyo, usukani unatetemeka, na mwenye gari anaambiwa akafanye balansi wakati tatizo si balansi. Ziko pete za kujaza pengo hilo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya rimu nne. Anayeuza rimu bila kuziulizia pete anamuuzia mteja nusu ya kitu.

Halafu nati zenyewe. Rimu nyingi za aloi zilizokuja na Toyota kutoka kiwandani hufungwa kwa nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za kununua dukani, kwa sehemu kubwa, zimechongwa kwa nati yenye ncha ya koni. Ukiirudishia nati ya zamani kwenye tundu la koni, inagusa kwenye ukingo tu. Itaonekana imekaza. Baada ya matuta kadhaa na kipande cha barabara ya vumbi, imeshalegea. Kwa hiyo rimu mpya zinunuliwe pamoja na nati zake.

Spesa nazo zinahitaji macho. Kipande cha chuma kikiwekwa kati ya habu na rimu, stadi, yaani skrubu inayofungwa nati, inabaki fupi. Kwa stadi ya milimita 12 yenye nyuzi za 1.5, ambayo ndiyo ya pikapu nyingi tulizozitaja, nati inatakiwa izunguke mara 8 au zaidi kabla ya kubana. Fundi hahitaji mashine kujua hilo. Azungushe kwa vidole na ahesabu. Zikiwa tano au sita, rimu ishuke.

Kukaza ndiko tunakoona uzembe mkubwa zaidi, na unafanywa kwa nia njema. Fundi anachomeka bomba kwenye wili spana, anapanda juu. Mtu wa kilo 80 akisimama mwisho wa mpini wa nusu mita anaipa nati karibu Newton-mita 400, wakati stadi ya milimita 12 kwa kawaida inataka kati ya 100 na 140. Stadi imevutwa kupita uwezo wake, nayo itakatika siku nyingine, mbali na gereji. Nati zikazwe kwa kuvuka upande wa pili, si kwa kufuatana, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Uso wa habu usuguliwe kutu kwa brashi ya waya kwanza. Grisi isipakwe kwenye nyuzi, maana inafanya nati ibane kupita kipimo bila mkono kuhisi. Na ukifunga rimu Musoma, ukifika Bunda simama kivulini, acha zipoe, uzipime tena. Rimu mpya hulegea kidogo ikishakaa mahali pake, na hapo ndipo ajali nyingi za aina hii zingezuiliwa.

Upana wa nje una gharama yake pia. Hilux nyingi hutoka kiwandani na rimu yenye ofseti, yaani umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya upana wa rimu, ya milimita 30. Ukiweka ya sifuri, umelisogeza gurudumu milimita 30 nje, na beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Tairi lililotokeza linarusha kokoto usoni kwa mwendesha bodaboda. Tena ukitoka kwenye 265/65R17 kwenda 285/70R17, dashibodi inaonyesha 50 wakati gari liko kwenye 53 na ushee. Ukipigwa tochi, askari hatasikiliza hadithi ya tairi. Na tairi ya mtumba iliyotoka kwenye gari dogo isifungwe kwenye pikapu ya kubeba mzigo: namba 95 ubavuni inamaanisha kilo 690, namba 112 inamaanisha kilo 1,120. Zisomwe kabla ya kulipa.

Tunayoyataka hayahitaji sheria mpya. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 tayari inakataza gari bovu barabarani. Wauza rimu waandike kwenye risiti duara la matundu, tundu la katikati na ofseti. Chuo cha VETA mjini Musoma kiwaite mafundi wa pancha na gereji za mitaani kwa mafunzo mafupi ya jioni, kwa sababu wengi wao walijifunza kwa kumtazama mwenzao na hawajawahi kushika spana ya kupimia nguvu. Kikosi cha Usalama Barabarani, katika ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, kisiishie kwenye taa na honi kabla ya kutoa stika. Pikapu yenye rimu za kununua iwekwe jeki, nati moja ya kila gurudumu ifunguliwe kwa vidole ikishalegezwa, na mizunguko ihesabiwe. Isiyofika nane irudi gereji siku hiyo hiyo, hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa mjini.