Daftari la Wiki: Kahawa na Jina la Kwao

Kwa Wafaransa, mtu wa maneno machache ni laconique. Chimbuko ni Lakonia, nchi ya Wasparta kusini mwa Ugiriki. Plutarch anasimulia kwamba Filipo wa Masedonia aliwatishia kuwa akiingia kwao atawateketeza, nao wakamjibu kwa neno moja tu: "Ikiwa."

*

Kahawa nayo ina majina yaliyotokana na mahali. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliuita mmea huu Coffea arabica, yaani kahawa ya Uarabuni, ilhali kwao ni misitu ya Ethiopia. Wazungu waliinunua Yemen, basi muuzaji akabaki na jina. Jina la bandari yao ya Mokha mpaka leo limo katika orodha za vinywaji mahotelini.

Robusta, aina nyingine ya kahawa, inayolimwa sana Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Tanzania, haikupata hata jina la mahali. Ni Kilatini, maana yake imara. Sifa nzuri, lakini haisemi ilikotoka. Nalo hilo linaniuma, maana Kagera waliijua kahawa kabla ya mzungu kufika. Buni huchumwa zingali mbichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha hutafunwa. Wahaya wa huko huziita akamwani. Mgeni hukaribishwa nazo, na zamani waliochanjiana udugu walikula buni zilizopakwa damu zao. Hapo kahawa ilikuwa kiapo, miaka mingi kabla haijawa zao la biashara.

*

Mkoa wenyewe wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Baada ya vita na Idi Amin ukapewa jina la mto, Kagera. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe ikawa wilaya mwaka 2012. Majina haya bado mabichi, yanahitaji kutangazwa.

*

Tunazungumza sana juu ya magendo ya kahawa kwa hesabu ya ushuru uliopotea. Mimi naona hasara nyingine: kahawa ya maganda iliyoanikwa Kyerwa ikivushwa mpaka usiku na kuchanganywa na ya Uganda, huko mbele inauzwa kama ya Uganda. Jasho ni la mkulima wa huku, sifa inakwenda kwingine.

Ombi langu kwa vyama vya msingi vya ushirika, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe (KDCU) na wakaangaji wote: kila gunia na kila pakiti iandikwe Karagwe au Kyerwa, upande wa mbele, juu ya neno robusta.