Mzazi aitwe shuleni kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili ya mchango

Kila mwisho wa muhula, katika shule nyingi za msingi hapa Burundi, watoto hupangwa mistari uwanjani na majina yao husomwa kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Anayeitwa mapema hupigiwa makofi na kukimbilia buletini yake. Anayebaki mpaka uwanja unapoanza kuwa mtupu huichukua yake akiangalia chini. Wazazi wachache waliofika husimama pembeni kivulini, na mtoto akishawafikia na karatasi yake huulizwa swali moja tu: "Umekuwa wa ngapi?" Baada ya hapo kila mmoja hushika njia ya kwao. Shule na mzazi hawaonani tena mpaka uwepo mchango wa kulipa au kosa la kujibia.

Nimefundisha ukanda wa Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge, tangu niliporejea nchini mwaka 2009. Katika vyumba vya walimu nimesikia mara nyingi, na mwanzoni na mimi niliyasema, kwamba wazazi wa huku hawajali elimu ya watoto wao. Ukimwita mzazi haji. Ukimpelekea barua hajibu. Mtoto akikosa shule wiki nzima, hakuna anayekuja kueleza.

Leo napenda kuyapinga maneno hayo, kwa sababu naona yanatupumzisha sisi walimu na kumwonea mzazi.

Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2005, watoto walifurika na madarasa hayakutosha. Nani aliyajenga mengine? Ni wazazi hawa hawa. Jumamosi baada ya Jumamosi, katika kazi za pamoja, walifyatua matofali, wakasomba mchanga, akina mama wakabeba mawe na maji vichwani na watoto mgongoni. Shule nyingi tunazofundishia leo zilijengwa hivyo. Mtu asiyejali elimu habebi mawe kwa ajili ya shule. Lakini mabati yalipokwisha kupigiliwa tuliwashukuru, tukafunga mlango, na tangu siku hiyo mzazi ameingia darasani mara chache kuliko mbuzi wa jirani.

Hebu tutazame jinsi tunavyomwita. Barua huandikwa kwa Kifaransa, hubebwa na mtoto, na mara nyingi huishia kwenye mfuko wa kaptula. Mkutano huwekwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa hiyo baba mvuvi ndiyo kwanza ametoka ziwani, hajalala usiku kucha, na mama yuko sokoni anauza ndagala kabla jua halijaziharibu, au yuko shambani kwenye mihogo. Watakaofika watakuta ajenda ni ile ile: mchango wa madawati, posho ya mlinzi, bati lililong'oka kwa upepo. Majina ya wasiolipa husomwa mbele ya watu. Ndugu msomaji, ungekuwa unadaiwa faranga ambazo huna, ungekwenda kuketi pale ili jina lako lisomwe? Wengi tunaowaita wasiojali ni watu wanaokwepa aibu tu.

Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma kwa Kiswahili, katika shule za Tanzania. Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku na hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alikuwa amegundua jambo moja: mwalimu akiandika alama ya vema kwa wino mwekundu, jibu ni sahihi, akiandika mkasi, ni kosa. Jioni, tukishamaliza kazi za kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, alikuwa akilifungua daftari langu la hesabu karibu na kibatari na kuhesabu vema kwa kidole. "Juzi zilikuwa sita. Leo sita. Ijumaa nataka kuona saba." Basi. Hakuniuliza nimekuwa wa ngapi, wala hakuniambia niwe daktari. Alitaka saba. Nilipozipata saba alitaka nane, na nilipoanguka hadi nne alikwenda shuleni kumwuliza mwalimu kulikoni, akiwa na kofia mkononi. Mwalimu alimweleza kwa lugha ambayo wote wawili waliielewa. Ilikuwa kugawanya kwa tarakimu mbili, nakumbuka mpaka leo, na kaka yangu akaagizwa anifundishe.

Nasimulia haya kwa sababu kuna wanaoamini kwamba mzazi asiyejua kusoma hawezi kusaidia chochote. Anaweza, mradi apewe kitu anachoweza kukihesabu.

Sasa tuitazame buletini tunayompa mzazi wa hapa. Imejaa maneno ya Kifaransa, asilimia, na nafasi ya mtoto darasani. Mtoto mwenyewe huanza shule kwa Kirundi, kisha masomo yakageuka Kifaransa akiwa hata sentensi tatu hajaziweza, na ndiye huyo tunayemtegemea amtafsirie mzazi karatasi inayosema ameshindwa. Tusishangae anapoifupisha tafsiri. Watoto wa familia zilizorejea kutoka Tanzania walipata tabu zaidi: niliwapokea wengine walioandika Kiswahili safi, wakarudishwa nyuma madarasa mawili au matatu kwa sababu ya Kifaransa, na wazazi wao wakadhani watoto wamepumbaa njiani.

Tena nafasi haisemi lolote kuhusu safari ya mtoto. Darasani kwangu alikuwapo aliyepata asilimia 31 muhula wa kwanza na 44 muhula wa pili. Kwa mtoto aliyekuwa akichanganya herufi, hiyo ni kazi kubwa mno. Lakini na wenzake walipanda, kwa hiyo alibaki wa sitini na kitu. Baba yake aliona sitini na kitu mara mbili, akasema mtoto hajasogea. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Shuleni kwetu tulijaribu njia nyingine, tukianza na darasa la tano na la sita. Mwanzoni mwa muhula mtoto, mzazi na mwalimu huketi pamoja, na mtoto hutaja kwa Kirundi au kwa Kiswahili jambo moja analotaka kuliweza kabla ya likizo. Tunaliandika ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Nakiri mwanzo ulichekesha. Wa kwanza alitaka kuwa rais, wa pili rubani, na baada ya hapo nusu ya darasa walikuwa marubani. Hatukuwakatisha ndoto, lakini tuliwauliza: mpaka Desemba je? Hapo ndipo yalipoanza kutoka mambo ya maana. Kusoma ukurasa mmoja wa Kifaransa bila kusimama. Kuijua meza ya saba na ya nane. Kunyoosha mkono mara moja kwa siku.

Binti mmoja wa darasa la tano alisema anataka kufika kabla ya kengele. Nilidhani anatania. Mama yake aliguna, kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba binti huyo huenda kisimani mara mbili kila asubuhi, na hakuwahi kufikiria kwamba safari ya pili ndiyo inayomfanya apigwe na zamu ya lango. Kaka yake alikuwa amelala muda huo. Tangu wiki ile kaka ndiye aliyechota ndoo ya pili. Nilikuwa nimemwandika binti yule mchelewaji mwaka mzima na sikuwahi kumwuliza sababu. Ni hapo nilipoelewa kwamba malengo mengine ya mtoto yamo mikononi mwa nyumba yake, na mengine yamo mikononi mwetu walimu, na tukiyatangaza kama yake peke yake tunamdanganya.

Sitaki kuwaficha wasomaji tulikoshindwa. Kijana wa darasa la sita, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, aliyesibira mara tatu, aliketi na baba yake mbele yangu na kusema anataka kupita mwaka huo. Baba alikubali kutompeleka ziwani siku za shule. Kufikia muhula wa pili kijana alikuwa ndani ya mtumbwi, na hakurudi. Simlaumu baba. Tulimwita baada ya miaka mitatu ya kuambiwa kwa mstari mmoja wa buletini kwamba mwanawe amesibira, bila mtu kumweleza ni somo gani linalomwangusha wala la kufanya. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa na watoto wengi mno wanaorudia madarasa, wako kijana kama huyu kila kilima, na familia zao hazitasubiri milele huku mtumbwi unahitaji mikono.

Kosa la pili lilikuwa letu wazi. Baba mmoja alilichukulia lengo kama deni. Mtoto alipokosa kulifikia, alichapwa nyumbani mpaka akaja na alama miguuni. Tangu hapo lengo halijadiliwi bila wote watatu kuwapo, na la kwanza analoulizwa mwalimu ni yeye alifanya nini kumsaidia. Baadhi ya wenzangu hawalipendi swali hilo. Na mimi silipendi linaponifikia.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitafuta. Rumonge na Nyanza-Lac ni maeneo ambako waliorejea walikuta mashamba yao yana watu wengine, na kesi za ardhi zimetenganisha nyumba nyingi. Katika kikao cha muhula uliopita waliketi benchi moja wazazi wawili ambao, kwa ninavyojua, hawajasalimiana tangu kesi yao ianze. Watoto wao hukaa dawati moja. Mmoja wa watoto hao alisema anataka kujua kuzidisha, na mwingine, bila kuulizwa, akasema atamfundisha yeye. Wazazi hawakusema kitu. Shamba bado lina mgogoro. Ila binti wa huyu sasa huenda jioni nyumbani kwa yule kufanya mazoezi.

Najua watakalosema walimu wenzangu, kwa sababu nimelisema mwenyewe: darasa lina watoto zaidi ya themanini, tunafundisha zamu mbili, asubuhi na mchana, na mshahara hauongezeki kwa kuketi na wazazi. Yote ni kweli. Hatuwezi kuketi na familia themanini kwa siku moja, nasi hatukufanya hivyo. Tuliwagawa kwa safu za madawati, wazazi ishirini kwa alasiri moja, dakika chache kila mmoja. Alasiri nne kwa muhula. Ni chini ya muda tunaoutumia kuwafukuza watoto warudi nyumbani kuleta michango na kuwasubiri warejee.

Wakurugenzi wa shule na viongozi wa elimu wa tarafa wanaweza kurahisisha jambo hili bila kutafuta fedha popote. Buletini ikiongezewa mistari miwili kwa Kirundi, mmoja unaosema mtoto alikuwa wapi muhula uliopita na mwingine yuko wapi sasa, karatasi ni ile ile na wino ni ule ule. Barua za kuwaita wazazi ziandikwe kwa lugha yao, au zitangazwe kanisani na msikitini ambako watu husikia. Mkaguzi anapotembelea shule anauliza andalio la somo, daftari la mahudhurio na orodha ya waliolipa. Aulize pia ni wazazi wangapi wameketi na mwalimu muhula huu bila kuombwa hata faranga moja. Kuhusu michango, shule zinaihitaji na sijifanyi sijui. Lakini iwe na siku yake na mtu wake, isije ikakaa meza moja na mtoto anapoeleza anachotaka kuweza.

Kamati ya wazazi ya shuleni kwetu ndiyo iliyotufundisha lililokuwa rahisi kuliko yote. Mzee mmoja mvuvi alisimama akasema, "Mwalimu, mnatuita giza linapokuwa zuri." Hatukumwelewa mara moja. Ndagala huvuliwa kwa taa, na samaki hufuata taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawaji, na mitumbwi hupumzika ufukweni siku kadhaa. Hizo ndizo siku baba huwa nyumbani, amelala usiku na yuko macho mchana.

Kwa hiyo mkutano ujao tumeupanga kwa mwezi ulio angani badala ya kalenda ya ukutani. Utakuwa saa kumi alasiri, soko likiwa limeisha. Wazazi wameombwa waje na daftari la mtoto, lolote walilonalo, na mweka hazina ameambiwa siku hiyo abaki nyumbani.